Vikombe Nne za Jamleck

"Hiyo boksi haina shida!"

"Iko na shida!"

"Haina! Nani aliandika draiva yake? Wewe ama mimi?"

"Si ndio hiyo shida yenyewe, bosi!"

Lornah, huko nyuma ya kabati ya mafaili, akaacha kuchapa barua. Hata wale wauza soksi wa chini barabarani, ghorofa nne chini, ungedhani wamenyamaza ndio wasikie venye Muema atajibiwa. Maanake hakuna mtu alikuwa ashawahi kumwambia Jamleck Mwaura, kwa ofisi yake, saa tatu asubuhi, ati draiva yake iko na shida. Na huyu Muema mwenyewe ni nani? Fundi wa Uthiru, miezi kumi na nne kazini, amesimama na bisibisi mkononi kama mtu anataka kupigana nayo.

"Rudia," Jamleck akasema polepole.

"Draiva ndio inamwaga siri za watu. Sio Nzembi wa kliniki."

"Nilipima hiyo kitu mwenyewe. Nilipiga ping, ile hodi ya netiwaki, ikajibu. Ping ikijibu kazi imeisha. Hiyo ndio sheria ya hii ofisi tangu tufungue."

Na ni kweli, hiyo ndio ilikuwa sheria. Kampuni ilikuwa ya watu watatu: Jamleck, Lornah wa simu na barua, na Muema wa kupanda ngazi na kuvuta kebo. Walikuwa wanachukua kompyuta nzee, wanaitoa screen, wanaiwekea Linux na kadi za netiwaki, wanaipeleka kwa mteja. Kompyuta zote za mteja zinapitia hapo. Hiyo ndio boksi. Sasa zile kadi zilikuja kwa katoni, rahisi kama nyanya za jioni, hazina jina, hazina CD, na Linux haikuwa inazijua. Mtu mwingine angezitupa. Jamleck alijifungia wiki tatu, mwaka wa elfu mbili na mbili, akachukua draiva moja ya zamani, ile programu ya kuongelesha kadi, akaikatakata na kuishona upya mpaka kadi zikaongea. Sio mchezo. Draiva inakaa ndani kabisa ya kernel, kwa roho ya mashine. Ukikosea kidogo mashine yote inazima. Jamaa wa kompyuta wa mjini walikuwa wanakuja kumwangalia tu akikunywa chai. Aliringa, na alikuwa na haki ya kuringa.

Lakini jana kulitokea maneno.

Kliniki moja ya Spring Valley, ya watu wenye pesa zao, ilikuwa na boksi ya Jamleck. Ilikuwa pia na Kengele, programu yake ya kutuma ujumbe wa mstari mmoja. Maabara inaandika, ujumbe unapitia kwa boksi, unafika kwa daktari, mwisho. Sasa jana mwanafunzi mmoja wa chuo anaitwa Zachariah alikuwa amepeleka nyanya yake mgonjwa pale. Akachomeka laptop yake kwa kebo ya wageni, akafungua ile programu ya kuonyesha kila kitu inaingia kwa mashine yake. Akaona maneno. Na venye yeye hajui kunyamaza, akayasoma kwa sauti:

"Wachira: kisonono!"

Wachira mwenyewe, mzee wa kanisa, alikuwa ameketi kiti ya pili kutoka hapo, na mke wake.

Usiulize venye kulikuwa. Mama Waceke, meneja wa kliniki, alimpigia Jamleck akilia na akitukana kwa wakati mmoja. Jamleck akamwambia boksi haiwezi kutoa kitu kama hiyo, labda mtu atumie paswadi ya kusoma jumbe zote. Nani ako na paswadi? Daktari, na Nzembi wa mapokezi. Daktari hawezi kumwaga siri za wagonjwa wake. Basi. Leo saa sita Nzembi alikuwa anaitwa mbele ya wakubwa, na kilichobaki ni barua tu kutoka kwa kampuni kusema boksi iko sawa. Barua hiyo ikifika, Nzembi anatoka na mkoba wake na hakuna kliniki nyingine hapa Nairobi itamchukua.

Alikuwa amempigia Muema saa moja asubuhi. "Muema, si wewe ndio uliniachia hiyo paswadi kwa bahasha? Bado iko kwa droo. Bado imegundiwa. Sijawahi hata kuifungua, walahi."

Muema ndiye alifunga hiyo boksi pale kliniki. Nzembi ndiye alimshikia ngazi. Kwa hivyo hapa hakuwa amekuja kubembeleza.

"Ping haiwezi kuonyesha hii kitu," akasema. "Ping ni mzigo kubwa. Shida iko kwa mizigo midogo."

"Mizigo gani?"

"Bosi, unajua. Kwa kebo hakuna kitu inaruhusiwa kutembea ikiwa chini ya baiti sitini, yaani kama herufi sitini. Sasa kompyuta ikiuliza boksi 'hii anwani ni ya nani?' na boksi ijibu 'ni yangu', hilo jibu ni baiti arobaini na mbili tu. Zinabaki kumi na nane. Draiva inazijaza na nini?"

Jamleck akaweka kikombe chake chini.

"Na chochote kilikuwa hapo," Muema akamalizia. "Lornah, skia. Fikiria mama wa chai, na sheria ni kikombe lazima itoke ikiwa imejaa. Mteja anataka chai nusu. Mama anachukua kikombe yenye mtu mwingine ametoka kunywa, haioshi, anamimina nusu juu ya mabaki. Imejaa, si ndio? Lakini ndani kuna mate ya mtu."

"Wololo," Lornah akasema huko nyuma, akasukuma kikombe chake mbali kidogo.

"Mwaka jana nilisoma kwa mtandao," Muema akaendelea, sasa anaongea mbio, "draiva kibao dunia nzima zilipatikana na huu ugonjwa. Zikatibiwa. Lakini yako uliinakili kabla zitibiwe! Hakuna mtu aliiletea dawa!"

"Ati ugonjwa." Jamleck akavaa miwani. "Saa tano na nusu hiyo barua inatoka hapa na muhuri wa kampuni. Mpaka hiyo saa, chezea boksi ya ofisi. Iko na kadi hiyo hiyo. Ukiangusha netiwaki yangu, nitakuangusha na dirisha."

Muema hakungoja asikie mara mbili. Alikalia kiti, akavuta kibodi, akafungua draiva. Mistari mia nane na kitu, na maelezo ya Jamleck katikati yakijisifu: *hapa nimefanya maajabu, usiguse*. Muema akagusa. Akashuka, akashuka, akafika mahali pa kutuma. Na moyo ukaanza kumpiga kama ngoma ya harusi, kwa sababu ilikuwa pale, mstari mmoja umekaa tu kama mwizi amevaa suti: mzigo ukiwa mfupi kuliko sitini, iambie kadi ni sitini. Imeisha. Hakuna pahali inasema jaza na sifuri. Hakuna pahali inasema safisha.

"Nimekuona," akaiambia screen. "Nimekuona, mjinga wewe!"

"Unamwita nani mjinga?" Jamleck akauliza kutoka kwa meza yake.

"Mstari, bosi. Sio wewe."

Sasa hapa ndipo haraka ilimponza. Badala ya kukaa afikirie, alirukia pahali pa kwanza aliona. Pale juu, mahali draiva inaamka na kuomba memori yake ya kazi, akaandika: safisha yote, weka sifuri. Akakusanya mistari yote iwe programu. Akatoa draiva ya zamani, akaingiza mpya. Netiwaki ikakata kidogo, Lornah akalalamika, ikarudi. Muema akaanza kuuliza boksi kile kiswali kifupi cha anwani, tena na tena, na majibu yakashuka kwa screen, na mwisho wa kila jibu, pale pa baiti kumi na nane, ni nukta tu. Nukta, nukta, nukta. Sifuri safi kabisa.

"Ndiyooo!" Aliruka mpaka kiti kikaanguka. "Bosi kuja uone! Safi! Safi kama sahani ya wageni!"

Jamleck akaja polepole. Akaangalia. Akakunja mikono.

"Na kabla ubadilishe, ulikuwa unaona nini?"

Muema akaangalia kibodi.

"Ulipima kabla?"

"... Sikupima."

"Kwa hivyo umenionyesha sifuri leo. Labda hata jana zilikuwa sifuri. Kijana, umethibitisha nini? Umethibitisha Muema anaweza kuruka juu." Akageuka. "Saa nne na robo. Lornah, endelea na hiyo barua."

Hiyo ilimwingia. Na kibaya zaidi, ilikuwa ukweli. Muema aliokota kiti, akaketi, masikio yakiwaka moto. Alikuwa amefanya kazi ya Jamleck kwa mtindo wa Jamleck: weka, piga, ikijibu imeisha. Huko ng'ambo alisikia Jamleck akigonga kibodi kwa vidole viwili, tap, tap, tap, na dakika hiyo hiyo mashine ya Lornah ikalia *ting*. Kengele. Lornah akasoma, akakohoa, akaendelea kuchapa.

Muema hakuwa na nia yoyote. Mikono tu ilikuwa inatafuta kazi. Akarudisha ile programu ya kuuliza boksi, kiswali kifupi, tena na tena.

Jibu la kwanza: nukta. La pili: nukta. La tatu: nukta.

La nne: *Huyu Muema simtaki*

Akasugua macho. La tano, nukta. La sita, la saba, nukta. La nane:

*Huyu Muema simtaki*

"Haaa!" Hakulia kilio cha mtu ametukanwa. Alilia kilio cha mtu ameokota dhahabu. "Haaaa! Bosi! Bosi! Hunitaki!"

"Nini?"

"Hunitaki! Imeandikwa hapa! Hunitaki! Kuja uone venye hunitaki!"

Lornah alifika kwanza, mbio, kiatu kimoja kimebaki chini ya meza. Aliona, akafunika mdomo na mikono miwili. Jamleck akaja nyuma yake, na uso wake ukabadilika rangi, kwa sababu maneno hayo alikuwa ameyaandika yeye, kwa mashine yake, kwenda kwa Lornah peke yake, dakika haijaisha. Na Muema hakuwa na paswadi ya Kengele ya ofisi. Hakuna aliyekuwa nayo isipokuwa Jamleck.

"Inaendelea aje hiyo sentensi?" Muema akauliza akicheka. "Hapa imekatika. Baiti kumi na nane zimeisha."

"'Hapa kesho,'" Lornah akajibu kwa sauti ndogo. "'Huyu Muema simtaki hapa kesho.' Pole."

"Pole ya nini? Asante! Bosi, asante sana, hakuna mtu ashawahi kunisaidia hivi!"

Jamleck hakusikia hata. Alikuwa ameinama, pua karibu iguse screen, na midomo inahesabu. Moja, mbili, tatu, maneno. Moja, mbili, tatu, maneno.

"Nne," akasema.

"Eeh?"

"Inarudi kila ya nne. Hizo kadi ziko na nafasi nne za kutuma. Nne tu. Mzigo wa kwanza kwa ya kwanza, wa pili kwa ya pili, ukifika nne unarudi mwanzo. Zinazunguka." Akavuta kiti, akamsukuma Muema na bega kama mtoto anagombania dirisha. "Wewe umesafisha wapi?"

"Hapo juu. Ikiamka."

"Umeosha vikombe asubuhi mara moja! Halafu siku mzima unauza chai bila kuosha! Mjinga wewe!"

"Mimi nimeosha mara moja, wewe hukuwa unaosha kabisa!"

"Nyamaza, toa mkono hapo. Inafaa ioshwe kila saa kabla ya kumimina. Kila kikombe. Kila mteja."

"Sio kila mteja, itakuwa pole. Ni wale wa nusu tu. Kama mzigo ni mfupi kuliko sitini, ndio unaosha."

"Eeeh!" Jamleck akampiga mgongo mpaka miwani yake mwenyewe ikateleza. "Eeeh, kijana! Andika! Andika haraka!"

Muema akaandika. Mstari mmoja wa kuuliza, mmoja wa kusafisha. Safari hii, kabla aingize mpya, Jamleck alimshika mkono. "Ngoja. Tupime kabla." Wakapima. Mara ya nne, *Huyu Muema simtaki*. Wakatoa ya zamani, wakaingiza mpya, na Jamleck akakimbia kwa meza yake, ile kukimbia ya mtu ako na tumbo.

"Natuma!"

*Ting.* "Imefika," Lornah akasema. "'Muema ana kichwa kama tikiti.'"

"Nukta!" Muema akapiga kelele. "Nukta, nukta, nukta, nukta! Tuma nyingine!"

*Ting.* "'Watu wa Uthiru huoga Krismasi.'"

"Nukta! Wewe ni wa wapi kwani? Tuma!"

*Ting. Ting. Ting.* Lornah alikuwa anasoma mpaka machozi. Jamleck alimtukana Muema vizuri sana, alimtukana kuanzia viatu, akapanda mpaka nywele, akatukana bisibisi yake, na kwa screen ya Muema, chini ya yale matusi yote, hakuna hata herufi moja ilichungulia. Mia moja na ishirini zilipita. Sifuri. Jasho lilikuwa linamtoka Muema na alikuwa anacheka peke yake, na hata leo ukimuuliza atakuambia hajawahi kuona kitu nzuri kama hizo nukta.

Chini, askari wa kanjo walikuwa wanakimbiza wauza soksi, na filimbi zikalia. Saa tano na dakika kumi.

"Haya," Muema akasema akivuta pumzi. "Naiweka kwa flopi, nafika Spring Valley kabla ya saa sita. Na ile barua tunabadilisha. Tunaandika ni sisi."

Kicheko kikakatika kama mtu ametoa stima.

"Tunaandika nini?" Jamleck akauliza.

"Ni sisi. Kosa lilikuwa kwa draiva."

"Flopi peleka. Sawa kabisa. Weka draiva mpya pole pole, sema ni huduma ya kawaida. Barua inabaki venye iko."

"Barua inasema boksi haina shida."

"Ukimaliza haitakuwa na shida. Si uwongo."

"Na Nzembi?"

Jamleck akavua miwani, akaipangusa na tai. "Muema. Tuko na boksi kumi na saba huku nje. Kumi na saba. Wakili, shule, ile kampuni ya bima. Nikisema moja ilimwaga, zote zilimwaga. Kesho hakuna kampuni. Lornah hana kazi. Wewe huna kazi."

"Mimi tayari hunitaki."

"Usinichezee."

"Sikuchezei. Hizo kumi na saba tunazizungukia wiki hii, mimi na wewe, usiku na mchana, nazifanya zote. Lakini huyo dada saa sita anafukuzwa kwa sababu ya mstari ya kusafisha yenye wewe hukuandika. Bahasha yake bado imegundiwa, bosi! Hajawahi hata kuifungua!"

"Kuna pahali nimesema yeye ni mbaya?"

"Hiyo barua ndio inasema!"

Jamleck akavaa miwani tena. Muema akageukia mashine, akachapa mistari minne ya Kiingereza, mbaya mbaya lakini inaeleweka: draiva yetu ilikuwa inatoa vipande vya jumbe za wengine, paswadi haikutumika, Nzembi hahusiki, tumerekebisha leo. Ikatoka kwa printa ikilia. Akaweka sahihi yake chini.

"Karatasi ya bure hiyo," Jamleck akasema, na sauti ilikuwa imechoka zaidi ya kuwa na hasira. "Haina muhuri. Mama Waceke ataifungia mandazi."

Hapo alikuwa sawa pia. Hii ni Nairobi. Barua bila muhuri ni kikaratasi. Ungeleta barua imeandikwa na malaika, mtu wa mapokezi angekuuliza muhuri uko wapi. Na muhuri wa kampuni ulikuwa kwa droo ya Lornah, na funguo ya hiyo droo ilikuwa shingoni mwa Lornah.

Wote wawili wakamwangalia.

Lornah alikuwa amerudi kwa kiti chake, anatafuta kiatu na mguu. Akakipata. Akavaa. Akatoa funguo, akafungua droo, akatoa muhuri na kile kisahani cha wino.

"Lornah," Jamleck akasema.

"Bosi, mimi na wewe tumetoka mbali," Lornah akasema bila kumwangalia. "Lakini jana huyo mzee Wachira angekuwa ni mimi. Ama mama yangu." Akapulizia muhuri. "Na leo huyo msichana wa mapokezi ni mimi. Kazi ni hiyo hiyo. Simu na droo."

Akagonga. *Du!* Akazungusha tarehe, akagonga tena. *Du!* Akampa Muema karatasi akiipunga ikauke.

Muema akaikunja wino ukiwa bado mbichi, akaiingiza kwa mfuko wa shati, flopi kwa mfuko mwingine, bisibisi kwa suruali. Saa tano na dakika ishirini. Damu ilikuwa inamkimbia mwilini kama imeambiwa imechelewa. Alifika mlangoni kwa hatua nne.

"Muema!"

Akageuka. Jamleck alikuwa ameketi kwa ile kiti ya Muema, mgongo umeinama, anashuka kwa draiva, mstari baada ya mstari.

"Hiyo ya kusafisha. Umeweka kabla ya kunakili mzigo ama baada?"

"Kabla."

Jamleck akaitikia kwa kichwa, macho bado kwa screen. "Ungeiweka baada ungefuta mzigo wenyewe."

"Najua."

"Haya. Kwa zile kumi na saba, tuanze na ya wakili na ya bima. Enda, utachelewa."

Muema akatoka, akafunga mlango.